Mtani Aliyetandika Mkeka Mapema

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Muuguzi Ponsiano Mihayo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, na yote ameimalizia hapahapa Kituo cha Afya Kwemdimu. Kamati ya sherehe imemwomba mtu wa chumba cha dawa aandike wasifu huu kwa sababu, walisema, hana maneno mengi. Haya, tutaona.

Alizaliwa Ngombezi, kwenye kambi za mkonge. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge na hakurudi tena Tabora. Mtoto akasomea uuguzi, akapangiwa kazi huku, katikati ya Wazigua, ambao ni watani wa Wanyamwezi tangu enzi za mababu. Waliompangia hawakulifikiria hilo, lakini ndilo lililomsaidia kazini kuliko cheti chochote.

Wanaume wa huku kwetu hawaumwi chini ya mkanda. Wanaumwa mgongo. Mkojo ukitoka kwa matone, ni mgongo. Ukiwa na damu, mgongo. Mambo ya chumbani yakigoma, mgongo tena, na dawa yake inauzwa stendi ndani ya chupa isiyo na lebo. Sisi tuligawa panadol mpaka tukachoka. Ponsiano akaanzisha kliniki ya wanaume kila Alhamisi, siku ya gulio, ili mtu apite kama anayekwenda kutazama mbuzi. Mlangoni aliwatukana kiutani mmoja mmoja. Mwanaume akishatukanwa na mtani hucheka, na akishacheka husema.

Aliwaambia kwamba nguvu zikipungua, huenda ni sukari au presha inayobisha hodi, kwa hiyo wapimwe kabla ya kunywa mizizi. Aliwaambia busha hupasuliwa na mtu akabaki mwanaume yuleyule. Kijana mwenye ugonjwa wa zinaa alitumwa akamlete na mwenzake watibiwe wote, na hapo Ponsiano hakuwa na utani hata kidogo.

Sasa habari ya Mzee Kibwana. Mwenyewe ameagiza jina lake liandikwe, tena kwa wino mzito. Jina tumemkubalia, wino hapana.

Siku moja mkewe, Bibi Mwaija, alikuja dirishani kwetu kutaka panadol za mgongo wa mumewe. Tukampa, asiondoke. Kisha akalia. Mzee alikuwa hakojoi vizuri tangu mahindi yavunwe, na sasa mkojo ulikuwa umegoma kabisa, tumbo limejaa, na hospitali alikuwa ameikataa kwa kuwa hawezi kumvulia suruali daktari wa umri wa mjukuu wake. Mama wa watu alikuwa anamtazama mume wake akifa kwa aibu.

Ponsiano alifunga kliniki, akachukua mkeka, akaita bajaji. Alipofika uani kwa Kibwana akautandika, akajitupa chini, akaangua kilio cha msiba: mtani wangu ameondoka, nani atanilisha ugali wa bure? Majirani wakajaa, wakacheka, maana mtani ana haki hiyo. Ugonjwa hakuutaja. Kibwana akatoka amefura kwa hasira, ameshika ukuta. Ponsiano akamsogelea na kusema kwa sauti ya chini, Bibi Mwaija pekee akisikia:

"Mimi nimeshalia, mtani. Ukitaka kufa, nipe kanzu yako kabisa, ni haki yangu. Usipotaka, bajaji ipo nje."

Mzee alipanda bajaji. Aliwekewa mpira wa mkojo hapa kituoni, kisha akapelekwa Korogwe kupasuliwa tezi dume. Kanzu anayo mpaka leo.

Mwaka jana tulimwona Ponsiano ameacha chai yetu, yeye aliyekuwa akinywa hata isiyokuwa yake. Kwenye vikao akawa anakaa karibu na mlango, na kikao hakiishi kabla hajatoka tena na tena. Alipoulizwa akajibu, bila hata haya, kwamba ni mgongo. Mtu aliyewafundisha wanaume kutoka hapa mpaka Handeni! Hasira tuliyokuwa nayo haifai kuandikwa kwenye ratiba ya sherehe. Na tuliogopa, tuseme kweli. Tukampelekea salamu Mzee Kibwana kwamba mtani wake anaumwa mgongo, basi, hatukuongeza neno.

Alhamisi iliyofuata, foleni ikiwa imejaa, Kibwana akaingia na mkeka kwapani, amevaa kanzu ileile. Akautandika mlangoni pa kliniki, akalia kilio kirefu cha Kizigua, na wazee wa foleni wakamwitikia. Ponsiano akatoka kuona kuna nini. Mzee akainuka taratibu, akamwinamia sikioni. Sisi tulisikia kwa sababu dirisha letu liko palepale.

"Koti lako jeupe, mtani. Nimelifuata."

Ponsiano alicheka mpaka akashika mlango, kisha kicheko kikamwisha. Akalivua koti, akampa Kibwana amshikie, akaenda Korogwe siku hiyohiyo. Ilikuwa tezi dume iliyokua, si saratani. Akatibiwa, akarudi kazini, koti akalikuta limefuliwa na Bibi Mwaija na kupigwa pasi. Haya yote ameruhusu yaandikwe, eti yaendelee kufundisha yeye akishaondoka.

Koti hilo analikabidhi leo kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Kibwana ameomba kiti cha mbele. Amekatazwa kuja na mkeka, na hatudhani kama amesikia.

Asante, Muuguzi Mihayo, kwa ajili ya wanaume wote uliowalilia wangali hai. Tunakutakia ugali wa bure kwa watani wako, na usiku wa kulala mpaka alfajiri bila kuamshwa na mkojo.

Evodia, chumba cha dawa