Dirisha la Shemeji

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA DOZI: Ni mimi, fundi. Mama Dozi.

FUNDI: Nani? Ngoja nizime mashine, sisikii… Haya, sema tena.

MAMA DOZI: Mama Dozi wa kliniki. Simu ya mradi waliichukua, hii ni laini yangu mwenyewe. Habari za kazi?

FUNDI: Nzuri tu, dada. Nilidhani ni mteja.

MAMA DOZI: Uko peke yako?

FUNDI: Mimi na mbao zangu. Sema.

MAMA DOZI: Muuguzi amenionyesha orodha ya wagonjwa waliopotea. Jina lako ni la tatu. Miezi mitano hujachukua dawa.

FUNDI: Sijapotea. Niko hapa hapa karakana, kila siku—

MAMA DOZI: Kwenye karatasi umepotea.

FUNDI: Basi waje wanitafute. Si wanajua njia?

MAMA DOZI: Aliyekuwa anajua njia ni mimi. Na mimi wamenipa cheti na fulana, wakanipigia makofi, basi. Kuwafuata watu majumbani kumefutwa.

FUNDI: Lakini jengo wamejenga. Vigae, feni, na bango unaliona toka barabarani: “Huduma za VVU Zimeimarishwa.” Herufi kubwa kama za duka la magodoro. Sasa mtu anaingiaje chini ya bango lile, mchana kweupe? Na pale dirishani, anayeandika majina unamjua.

MAMA DOZI: Namjua. Shemeji yako.

FUNDI: Mdogo wake mke wangu, tumbo moja. Nilikwenda, dada. Usidhani sikwenda. Nilipanga foleni mpaka wakabaki watu wawili mbele yangu. Akainua kichwa, akacheka. “Shemeji, umekuja kututengenezea mabenchi?” Nikasema ndiyo. Nikatoa futi, nikapima ukuta mzima, nikaandika na namba. Kisha nikaondoka.

MAMA DOZI: Ungenipigia.

FUNDI: Nilikupigia. Ilikuwa imezimwa.

MAMA DOZI: Miaka miwili nakuletea chupa za dawa hapo karakana. Kila nikija nakwambia, mwambie mkeo.

FUNDI: Si nilikuwa nameza? Ulisema virusi vimelala, hata kipimo hakivioni, siwezi kumwambukiza—

MAMA DOZI: Ukimeza. Ukiacha vinaamka. Hilo nalo nilisema.

FUNDI: Ulisema. … Lakini hukunipigia leo kwa sababu ya orodha.

MAMA DOZI: Mkeo mimba ina miezi mingapi?

FUNDI: Wa nne unaingia. Nani kakwambia?

MAMA DOZI: Nilimwona jana. Nilikuwa nimekwenda kurudisha funguo za kabati, naye anatoka chumba cha wajawazito.

FUNDI: Ndiyo, jana alianza kliniki.

MAMA DOZI: Aliporudi alikuwaje?

FUNDI: Alisema kichwa kinamgonga. Akanipakulia, yeye hakula. Akakaa tu ananitazama ninavyokula… Dada. Wajawazito wote wanapimwa, siyo?

MAMA DOZI: Wote. Siku ya kwanza.

FUNDI: Na majibu yake—

MAMA DOZI: Usiniulize.

FUNDI: Nakuuliza.

MAMA DOZI: Siwezi. Kazi wameninyang’anya, lakini siri ya mgonjwa haikuwa mali ya mradi.

FUNDI: Basi sema hapana. “Hapana, fundi, lala usingizi.” Ni hilo tu.

(Mtandao unakwaruza.)

FUNDI: Haloo? Umekatika?

MAMA DOZI: Nipo. Sikiliza, salio langu dogo. Mama akianza dawa mapema na asiache, mtoto anaweza kuzaliwa salama. Nimewabeba wengi kwa mikono hii. Lakini anahitaji mtu nyumbani anayejua, asimeze kwa kujificha chooni. Na wewe urudi kwenye dawa. Kesho. Nitasimama nawe pale dirishani.

FUNDI: Ataniuliza nimeitoa wapi.

MAMA DOZI: Utamjibu. Ulikuwa nayo kabla hujamwoa.

FUNDI: Au pengine anadhani… anadhani ni yeye aliyeileta.

MAMA DOZI: Unasemaje?

FUNDI: Sijasema kitu.

MAMA DOZI: Nimekusikia. Fundi, ukimwacha aamini hivyo—

FUNDI: Nasubiri tu aanze yeye. Akishasema, na mimi—

MAMA DOZI: Akianza yeye ataanza kwa kuomba radhi. Nimeshawaona wanaume wanaopokea radhi kama hizo, wakazikalia maisha yao yote.

FUNDI: Anakuja.

MAMA DOZI: Nani?

FUNDI: Yeye. Anavuka barabara. Hajawahi kuja huku saa hizi.

MAMA DOZI: Weka simu chini umtangulie. Kabla hajafungua mdomo.

FUNDI: Usikate, dada. Kaa hapo kidogo.

MAMA DOZI: Mimi nitakusaidia nini—

FUNDI: Kaa tu. … Karibu, mke wangu. Ni mteja huyu, naongea na mteja. Mbona unapiga magoti? Kuna misumari hapo, inuka. … Nikusamehe nini?

MAMA DOZI: Fundi. Mwambie. … Nasikia unavyohema. Mwambie sasa hi—

(Salio limekwisha.)