Ngazi za Mzee Vagoni

Ko!

Mlio mmoja tu, usiku wa manane, kisha kimya. Nakhisa aligeuka kitandani, akadhani ni fenesi limeangukia bati la jirani, akausubiri wa pili, usije, akalala. Asubuhi alipokwenda kufungua duka lake la vitenge chini ya kilima cha Kibuli, Kampala, aliuona mlio ule kwa macho yake: msumari mmoja mpya kwenye nguzo ya umeme, na tangazo la kamati ya mipango likipepea juu ya msumari huo kama kuku aliyeshikwa mguu mmoja. Nguzo ilisimama pale ngazi za mawe zinapoanza kupanda kilima. Ubavuni mwake palikuwa na benchi, na juu ya benchi walikuwa wameshaketi wale watatu ambao mtaa uliwajua kwa majina ya utani tu. Maalim, aliyefundisha watoto Kurani alfajiri na kumimina kahawa ya tangawizi mchana kutwa. Injinia, mchomeleaji mageti, Mjaluo wa Kisumu, mtu asiyekosa methali ila hukosa mahali pa kuiweka. Na Breki, Muganda wa bodaboda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa pikipiki yake haikuwa nazo. Nakhisa mwenyewe walimwita Spika. Mabishano yakizidi, yeye ndiye aliyegonga kikombe kwa kijiko, na aliyegongewa alinyamaza, hata kama alikuwa katikati ya neno.

— Wamepigilia usiku, alisema Injinia. Siku hizi hata mwizi anatoa taarifa.

— Kanuni inataka tangazo libandikwe wanapopita watu, alisema Maalim. Haikusema watu wawe macho.

— Banange! alicheka Breki. Basi na mimi nitapiga honi abiria akishaanguka.

— Soma, Spika, alisema Maalim. Wewe ndiye mwenye bunge.

Nakhisa akasoma kwa sauti. Kamati ingekutana leo mchana, hapahapa penye ngazi, mbele ya umma, kusikiliza ombi la tajiri mmoja wa Kabalagala. Tajiri alitaka kuzungushia uzio mahali hapa apate pa kuegesha magari. Alidai kwamba hizi si ngazi za mtu wala za umma. Ni kilima kilichochimbwa na mvua. Mwenye pingamizi aje aseme.

— Mvua? Maalim aliweka birika chini. Mvua gani hiyo inayochagua mawe bapa na kuyalaza kwa saruji?

— Mvua ya Kampala imesoma, Maalim, alisema Injinia. Ina diploma.

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kwa ngazi hizi wagonjwa walipanda hospitali, watoto walipanda shule, na Ijumaa kanzu zilipanda msikitini kama maziwa yanayofurika. Zikifungwa, ni kuzunguka barabara kuu na vumbi lake.

— Mimi nitapata abiria wengi, alisema Breki, lakini mama yangu anapanda hapa. Sitaki abiria ambaye ni mama yangu. Halipi, na njia nzima ananisema.

Nakhisa hakucheka. Mawe yale aliyaona yakilazwa. Aliolewa akakuta baba mkwe wake, Mbukusu wa Kenya, mfanyakazi wa reli, mtu mrefu mwenye kofia ya kazi, akitoka kanisani kila Jumapili na kwenda moja kwa moja kilimani na nyundo. Mtaa ulimwita Mzee Vagoni. Watu walimuuliza, wewe Mkatoliki, mbona unawajengea Waislamu njia ya msikitini? Alijibu, "Miguu haina dini," akaendelea kugonga. Jiwe la kwanza, hili la chini kabisa, lilikuwa jiwe la kusagia wimbi alilolibeba kutoka kwao. Sasa mzee alikuwa amelala kaburini kwao ng'ambo ya mpaka, na mume wa Nakhisa kando yake, na yeye ndiye aliyebaki kulifagia jiwe lile kila asubuhi.

— Endelea na kanuni, Spika, alisema Injinia. Vita bila kanuni ni fujo.

— Kila mtu atasema mara moja tu.

— Hiyo ni kwa sababu mara ya pili mtu husema kweli, alisema Breki.

— Hapana. Ni kwa sababu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Injinia, jembe linaingiaje hapo?

— Wewe ngoja mkutano uanze, utaliona.

— Lazima akidi itimie, Nakhisa alisoma. Wajumbe wakipungua, mkutano hauanzi.

— Hapo pana siri, Maalim aliinama mbele. Mimi niliwahi kuingia mkutano mmoja, sisemi wapi. Wajumbe walikuwa watatu na makoti matano. Karani akahesabu makoti. Koti likiwa kitini, mwenyewe yupo.

— Ndiyo maana wanavaa makoti na jua hili! Breki alipiga paja. Ssebo, kumbe lile joto lote ni kazi ya serikali!

— Mwenyekiti peke yake ndiye atakayeruhusu mtu kusema.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Injinia. Kwa hiyo mwenyekiti anapewa kipaza sauti. Ni kwa ajili ya miguu yetu.

— Na yanayosemwa yanakwenda wapi? aliuliza Breki.

— Kwenye kumbukumbu za mkutano.

— Na kumbukumbu zinakwenda wapi?

Maalim alitazama kushoto, akatazama kulia. Juu ya paa la duka, kaloli mmoja, yule ndege mkubwa mwenye upara, alisimama kwa mguu mmoja.

— Unadhani yule anakula takataka tu?

Wakamgeukia kaloli wote watatu. Kaloli akawatazama kwa ukimya wa mtumishi wa umma. Nakhisa akagonga kikombe, tin! tin!, maana alikuwa amefika mwisho wa tangazo.

— Sikilizeni hii. Lisilotamkwa mkutanoni halitaandikwa. Anayetamka awe anajua mwenyewe, si kuambiwa. Na kila mtu atajwe kwa jina lake kamili. Jina la utani halitaingia kwenye kumbukumbu.

— Rahisi, alisema Injinia. Tunasema tu: ngazi zilijengwa na Mzee Vagoni.

— Vagoni ni jina la utani.

— Basi tunataja lile lake.

— Lipi?

Mtu aliyekunywa kahawa mahali hapa miaka na miaka, aliyewasalimu hadi mbwa, hakuna aliyemjua jina. Kisha macho yao, jozi kwa jozi, yakamrudia Nakhisa.

— Madam, alisema Maalim polepole, wewe ni mkwe wake.

— Ndiyo maana sitalitaja.

Alieleza kwa maneno machache. Kwao mke halitamki jina la baba mkwe. Hakulitamka akimpikia, hakulitamka akimlilia. Kinywa chake hakijawahi kulibeba.

— Hata kwetu Buganda iko! Breki aliruka. Inaitwa obuko. Ukivunja heshima ya ukwe, mikono inaanza kutetemeka, inatetemeka mpaka kaburini. Nnyabo, utakata vitenge na mikono gani?

— Basi andika kwenye karatasi, alisema Injinia.

— Lisilotamkwa halitaandikwa, alisema Nakhisa.

— Nong'oneza Maalim, yeye atatamka.

— Atakuwa ameambiwa. Kanuni inakataa.

— Sisi tutaje majina, wewe kohoa tukifika. Wekesa? Wafula? Barasa? Simiyu? Mbona hukohoi, Spika? Nyongesa?

— Kukohoa ni kujibu. Na kujibu ni kutamka.

— Huyu mama amefunga milango yote, alilalamika Injinia, na yeye mwenyewe yumo ndani!

Alisema kweli. Maisha yake yote benchini Nakhisa alisimamia kanuni, na sasa zilikuwa mbili, kila moja imemshika mkono wake. Ya kamati ilisema: taja. Ya kwao ilisema: usitaje. Alilitazama jiwe la kusagia. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, alikuwa amesahau kulifagia.

Kamati ilifika mchana, wajumbe kamili, makoti mikononi. Maalim alihesabu vichwa, akahesabu na makoti, hesabu zikalingana, akasikitika kidogo. Watu walikuwa wamejaa mpaka ngazi za juu: wauguzi, wachuuzi, wazee wa msikitini, akina mama na mizigo kichwani. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha plastiki. Kando yake alikaa karani, dada kijana anayeitwa Goretti, mgeni kabisa mtaani, na kalamu yake ilikuwa wazi kabla hajaketi.

Wakala wa tajiri, kijana mwenye suti ya samawati, alisimama wa kwanza.

— Mheshimiwa, hapa hapakuwahi kuwa na mjenzi. Mvua ilinyesha, kilima kikachimbika, watu wakazoea. Mmomonyoko haugeuki kuwa njia ya umma.

— Wuuu! umati uliguna. Mwenyekiti aliinua kiganja, wakatulia.

Ikaja zamu ya benchi. Karani akataka majina kamili.

— Habib bin Junaid, alisema Maalim.

— Oloo, alisema Injinia. Nashon Oloo.

— Latif Ssemwanga, alisema Breki.

— Wewe ni Latif? Injinia aligutuka. Tangu lini?

— Na wewe Nashon! Kale, tumekunywa kahawa na watu tusiowajua.

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Goretti pekee ndiye hakucheka. Aliandika, akainua macho, akauliza kwa upole:

— Mnasema ngazi zina mjenzi. Ni nani?

— Mzee Vagoni! kilima kizima kilijibu, kutoka jiwe la chini mpaka la juu.

— Hilo la utani siwezi kuliandika. Anaitwa nani?

Kilima kizima kiligeukia benchi. Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Wakala wa suti ya samawati alitabasamu, akayatazama mawe kama mtu anayepima mahali pa tairi.

— Karani, alisema, andika: mvua.

Goretti hakuandika. Alisubiri. Kalamu ilining'inia juu ya karatasi, na Nakhisa aliiona ncha yake, nyeusi, ndogo, inayotosha kumweka mtu duniani au kumwondoa. Akawaza: nilimficha kinywani ili nimheshimu. Leo nikimficha, kilima hiki hakitakuwa na mtu. Mvua itachukua Jumapili zake zote. Heshima gani hiyo inayomkabidhi mzee kwa mvua?

Akasimama.

— Madam! Breki alinong'ona. Mikono itatetemeka!

— Maalim, alisema Nakhisa, nimiminie. Mpaka ukingoni.

Maalim alimimina. Kahawa ilipanda, ikafika ukingo wa kikombe, ikatuna kidogo juu yake, na Nakhisa akakiweka kikombe kwenye kiganja kilichofunguka, akakinyoosha mbele ya watu wote. Akapanda juu ya jiwe la kusagia. Kwa mguu wake akalipangusa vumbi, taratibu, kisha akakanyaga imara.

— Jina langu ni Nakhisa. Ninaishi hapa, ninauza vitenge hapa. Sikuambiwa. Niliona. Nilimpelekea uji akiwa amepiga magoti juu ya jiwe hili. Alisema njia hii ni ya kila mwenye miguu. Alikuwa baba wa mume wangu, na mimi sijawahi kumwita. Baba, niwie radhi, leo nakuita kwa sababu wanasema hukuwapo.

Mwenyekiti alivua miwani. Karani aliinamia karatasi.

— Tarcisio, alisema Nakhisa.

Sauti ilitoka ndogo, kama ufunguo unaogeuka katika kufuli la zamani. Watu wote hawakumtazama usoni. Walitazama kikombe. Breki alikuwa amefumba jicho moja. Kahawa ilitulia ukingoni, nyeusi, inang'aa, na ndani yake ilionekana mbingu nzima ya Kibuli bila mkunjo.

— Hata tone! alipiga kelele Injinia. Latif! Hata tone!

— Kimya, alisema mwenyekiti. Mama, malizia. Kanuni inataka jina kamili.

Nakhisa alicheka, kicheko kikubwa ambacho benchi halijawahi kukisikia, akainua kikombe juu ya kichwa chake, akageukia kilima, akaliachia jina likapanda ngazi zake lenyewe, jiwe kwa jiwe:

— Tarcisio Walubengo!