Mashine Iliyohesabu Damu Yangu

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Mmenisimamisha wenyewe, sasa msilalamike nikichelewa kukaa. Leo nasema lile mlilokuwa mkinong'ona mkidhani sisikii. Nilikuwa nakula udongo.

Haya, chekeni mmalize, nawasubiri.

Ilianza msimu wa kupalilia maharage, kule mteremkoni kwetu Maguu. Mnajua kwetu viatu haviingii kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia, vinabomoa kingo zake. Nilifundishwa hivyo nilipoolewa, nami miaka yote nikalima pekupeku. Siku moja mvua ilikatika, harufu ya shimo ikapanda, ikaniita. Ndugu zangu, nawaambia kweli, iliniita! Nikamega ukingo nikatia mdomoni, na ulikuwa mtamu kuliko nyama. Tangu hapo sikuweza kuacha.

Kisha ikaja ngoma. Mchana kweupe, nyumba imetulia, nasikia du, du, du. Nikamuuliza mama mkwe wangu, "Mama, ngoma hiyo inapigwa kwa nani?" Akatega sikio. "Ngoma gani, mwanangu?" Akanishika viganja, akavigeuza, vilikuwa vyeupe kama sembe. Akaguna tu.

Nikateremka ziwani Ngumbo kununua dagaa wa usipa. Pumzi zikanikatika njiani, nikaomba kukaa kwenye kibanda cha video kukwepa jua. Ilikuwa picha ya watu wanaoishi kwenye nyota za mbali huko. Mtafsiri akawa anapaza sauti: "Hawa si watu tena! Wamebadilishwa, na wenyewe hawajui!" Ili wajulikane, walichomwa sindano, mashine ikahesabu damu yao. Mwenye damu pungufu alifungiwa nje, gizani, asirudi kamwe. Kulikuwa na dada mmoja mle, midomo imempauka, anasikia ngoma isiyopigwa na mtu. Akainama, akala mchanga. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mimi nilikuwa na udongo kwenye fundo la kanga.

Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Uso ulikuwa umevimba, macho hayana rangi. Aliyenitazama sikumjua. Nikaacha kunywa kikombe kimoja na wanangu, nikawa nalala peke yangu jikoni, nikiogopa nisije nikawadhuru. Niliogopa, jamani, niliogopa hata kivuli changu.

Mama mkwe akasema twende hospitali nikapime damu. Nikakataa kabisa. Alipozidi kunibana, nikamwambia yote, kwamba mashine itanihesabu, itasema mimi si mtu, na nitafungiwa nje. Nilidhani atacheka. Akajifunga kanga yake vizuri.

"Sawa," akasema. "Ikisema wewe si mkwe wangu, nitarudi nyumbani na huyo huyo atakayekuwepo, nitampikia ugali. Panda bodaboda."

Nikapanda.

Dada wa maabara alinitoa damu, akaiweka kwenye mashine. Ikanguruma, ikatema karatasi. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi. "Mama, umefikaje hapa kwa miguu yako?" Tukapelekwa kwa daktari, naye akasema taratibu, "Mama, ndani yako kuna kitu kinakunywa damu."

Nilipiga ukelele, wagonjwa wa nje wakakimbia!

Ilikuwa safura. Minyoo midogo, inatoboa nyayo za mtu anayelima pekupeku, inasafiri mpaka kwenye utumbo, inang'ata, inanyonya. Mashine ilikuta chembe nyekundu zimekwisha, na zile nyeupe zinazopigana na minyoo zimejaa. Kipimo cha choo kikathibitisha. Hamu ya udongo ilikuwa njaa ya damu yenyewe, na ile ngoma ulikuwa moyo wangu ukihangaika kusukuma kidogo kilichobaki. Ya kwenye video yalikuwa ya kutunga. Minyoo yangu ilikuwa hai, na nilikuwa nailisha kila siku.

Nikawekewa damu siku hiyo hiyo, nikapewa na dawa. Tone, tone, tone. Ghafla masikio yakanyamaza. Kimya kile kilinitisha kuliko ngoma, nikamshika mama mkono nikidhani ndiyo nimekufa. Akaniambia, "Midomo yako inarudi."

Ndugu zangu, vaeni viatu shambani. Ukingo wa ngoro ukibomoka utajengwa kesho. Na ukimwona mwenzako anakula udongo, usinong'one, mpeleke akapimwe. Mama mkwe wangu, umekaa hapo unajifanya unatazama chini; asante, mama. Mvua ikinyesha huwa bado unanishika mkono, nami naomba usiache, maana harufu ile bado inaniita.

Nabaki na mmoja wa kumshukuru. Damu niliyowekewa ilikuwa ya mtu, na sikuambiwa ni nani. Labda wewe ni wa mbali, labda umekaa kwenye benchi hili hili. Nikilala ubavu, sikio kwenye mto, bado nasikia ngoma, ndogo, ya taratibu. Siiogopi tena. Najua ni wewe.