Saa ya Mwana wa Mwenzangu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu acha kuchungulia dirishani, kwa maana sauti niliyobakiwa nayo ni ndogo na sitaki kurudia maneno. Juzi mligombana hapo ukumbini mkidhani nimelala. Maradhi yamenilaza, hayajaniziba masikio. Dada mtu anasema saa ya marehemu kaka yenu ni yake kwa kuwa ndiye anayemfuatia, mdogo mtu anasema saa ya askari huvaliwa na mwanamume, mkafika hadi kuambiana kwamba mama akishazikwa kila mtu ashike njia yake. Hilo ndilo lililoniumiza, si ugonjwa huu.

Cherehani na mkasi mkubwa ni vya binti yangu, chumba cha mbele ni cha mdogo wake, na vyombo mgawane mkicheka. Lakini saa siwezi kumrithisha yeyote, kwa sababu si ya kaka yenu.

Nyamazeni kwanza, nimalize.

Kaka yenu alipokuja likizo na saa yake hakuwa na habari nyingine. Uso mweusi, namba nyeupe, mishale inayong'aa gizani, na bati lake limefifishwa makusudi lisimulike likamwonyesha adui. Mgongoni alama ya jeshi na namba, kwa kuwa saa ni mali ya jeshi na askari huazimwa tu. Akanionyesha vile vyuma vya kupitishia mkanda, vimechomelewa moja kwa moja, akasema, "Mama, hii haichomoki, anayeitaka aanze na mkono wangu." Baba yenu akacheka hadi akapaliwa. Mimi niliona mkanda wa turubai unampwaya, maana mkono wake ulikuwa mwembamba kama wangu, nikatoboa tundu jingine na kulizungushia uzi wa bluu lisifumuke.

Wanajeshi waliporudisha jeneza lake kutoka vitani walisema lisifunguliwe. Ofisa akamkabidhi baba yenu saa, akisema jeshi limetuachia, naye akaivaa pale pale mbele za watu. Kesho yake akanipa niitie ufunguo, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinene kwa kile kifundo cha pembeni. Nikageuza mkanda. Tundu langu halikuwepo. Nikasema labda wamebadilisha mkanda, nikatafuta kwenye kioo ule ufa aliokuja nao likizo, alioutia kwa kuigonga kwenye bomba la kambini, nikakuta kioo kizima.

Basi nikapata wazimu wangu wa siri. Kama saa si yake, huenda na maiti si yake. Nilishona nguo za watu huku sikio liko mlangoni, na suruali zake nikaziongeza kiuno, nikisema atarudi amenenepa. Mpaka akaja mwenzake wa kikosi, yule mwenye mguu mbovu, baba yenu akiwa kazini. Akanieleza kwamba kabla ya kutoka siku ile ya mwisho walivua saa wote, wakazilaza juu ya blanketi moja, kila mmoja akavuta kifundo cha yake mshale wa sekunde usimame, na kamanda aliposema "Sasa!" wakavibonyeza kwa pamoja, ili saa zote ziende kama moja. Mara lori likafika, kila mtu akanyakua iliyokuwa karibu. Hata yeye alivaa ya mwingine, na wengi wao hawakurudi. Kisha akaniambia kwamba ndiye aliyemfumba macho kaka yenu. Siku hiyo ndipo nilipomzika mwanangu, peke yangu, nimeketi kwenye cherehani.

Sikumwambia baba yenu mpaka akafa, wala sijutii. Ile saa ndiyo iliyomtoa kitandani kila siku. Yeye aliivaa kama ya mwanawe, na mimi nikaitia ufunguo kila asubuhi kama ya mwana wa mwenzangu, maana nilijua yupo mama mahali fulani ameshika mkanda wenye uzi wa bluu, anajiuliza ni nani aliyeushona.

Nipeni maji... Yanatosha.

Nikishazikwa ipelekeni kambini, nyote wawili, asiende mmoja. Namba iko mgongoni, wamtafute mwenyewe alikuwa nani. Wakisema miaka imepita, kaeni kwenye benchi lao mpaka wachoke na nyuso zenu. Yetu msiidai. Mkipewa, pokeeni, mvae kwa zamu. Msipopewa, ninyi ndio mliobaki wa kaka yenu, tazamaneni.

Binti yangu, mshike mdogo wako mkono. Hivyo. Mungu awaweke pamoja, awape watoto wa kuwasumbua kwa kelele, asiwape wa kuwasumbua kwa kimya.

Leo vidole vimenikataa. Itie ufunguo wewe, baba... taratibu, ikikaza usiilazimishe...

Na mkimkuta yule mama yu hai... habari za blanketi msimchoshe nazo. Mwambieni tu... ya mwanawe... haikusimama hata siku moja.