Babu Asipige Simu Kwanza

Mzee Pindo hajawahi kuiba, na kwa rehema za Mungu hajawahi kumwinulia mkewe mkono, lakini kuna mtoto mmoja ambaye yeye Pindo alimnyamazisha, na hilo hulikiri moyoni mwake tu. Pindo alikuwa darasa la nne. Akaletwa mvulana aliyehamia kutoka nchi jirani, mwembamba, shati lake limepunguzwa kutoka shati la baba yake. Kila akisema, mwisho wa maneno ulipanda juu, kama mtu anayepanda ngazi akakuta kidato cha mwisho hakipo. Pindo akamwiga. Darasa likacheka. Kesho yake akamwiga tena, maana kuchekesha nako kuna ulevi wake. Kufikia muhula wa pili yule mvulana alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa, na mwaka ulipokwisha akahamishwa shule bila kuaga. Leo Pindo ana miaka sitini na mitano, ni fundi cherehani, na cherehani yake ya kukanyaga iko barazani, kando ya benchi la kahawa. Hapo benchini hukaa Wembe, kinyozi wa kibanda cha pili, na Betri, fundi redio ambaye hakuna redio aliyoitengeneza ikamaliza wiki. Kahawa ni ya Mama Birika, na bila yeye hao wote wangekuwa watu watatu tu wasio na kazi.

Alasiri ya Ijumaa moja, Wembe ndiye aliyeona.

— Pindo, hilo shati la binadamu au la kaa? Mbona mkono umeushonea shingoni?

Pindo akalitazama shati. Kweli, mkono ulikuwa shingoni. Akaanza kufumua.

— Huyu ana jambo, alisema Mama Birika. Tangu asubuhi kikombe chake hakijapungua.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Betri. Ndiyo maana mafundi cherehani hawana raha.

Pindo akatoa simu, akavaa miwani, akasoma polepole ujumbe wa binti yake:

— "Shikamoo baba. Usikasirike. Naomba usimpigie mtoto simu kwanza. Anasema akiongea na wewe, kesho yake ulimi unakuwa umerudi nyumbani, na wenzake darasani wanamcheka. Jana alilia, hataki kwenda shule. Naomba tumwache mpaka azoee. Samahani, baba."

Mjukuu huyo wote walimjua. Ana miaka tisa, na Pindo alimwita Sindano kwa wembamba na kwa kuchomachoma maswali. Ilikuwa miezi mitano tu tangu baba yake apate kazi ya kutengeneza majokofu nchi jirani na kuhama na familia yake. Kabla ya hapo alilelewa chini ya cherehani hiyohiyo. Alikuwa akiokota vipande vya nyuzi na kuvipanga kwa rangi juu ya goti la babu yake, huku mdomo haupoi.

— Yule mtoto, alisema Mama Birika, alikuwa akinisalimia kuanzia kona ile. Mpaka afike hapa nimeshajua mwalimu kavaa nini na nani kapigana.

— Mimi alinipa kazi, alisema Wembe. Aliniuliza nywele zikinyolewa zinajuaje pa kurudi. Mpaka leo nalifikiria.

— Kila Jumamosi saa kumi nampigia, alisema Pindo. Kesho ni Jumamosi.

Akaendelea kufumua.

— Hapana, hili lina dawa, alisema Wembe. Lafudhi ni maji. Kila nchi na maji yake. Anywe maji ya huko, tena ya mvua, mwezi mmoja ulimi unageuka. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Buyu linaingiaje hapo?

— Buyu linawekwa maji.

— Maji yako hayana elimu, alisema Betri. Lafudhi ni masafa. Mtu ni redio. Huyu mtoto amefungwa kwenye kituo cha kwetu, sasa yuko kule, ndiyo maana anakwaruza. Alazwe na redio ya huko chini ya mto, usiku kucha, sikio la kushoto. Asubuhi anaamka kashika kituo.

— Redio uliyotengeneza wewe?

— Hata mbovu inafaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu tena?

— Ndiyo maana mganga wa masikio na wa mifupa wako jengo moja.

Mama Birika naye hakutaka kuachwa nyuma.

— Nyinyi wote mmekosea. Ni meno. Mtu huongea kama anavyotafuna. Wa kule wanatafuna taratibu, sisi tunatafuna kama tunafukuzwa. Mtoto afundishwe kutafuna.

— Mimi nasema lawama ni ya wa mpakani, alisema Wembe, ambaye sasa alikuwa amesimama. Pasi inagongwa mhuri, mizigo inafunguliwa, ulimi je? Unapita bure! Wangeugonga mhuri palepale, nani angemcheka mtoto?

Pindo alitabasamu kidogo, kwa heshima yao. Lakini moyoni alikuwa darasa la nne, na mbele yake palikuwa na shati lililopunguzwa. Alikuwa akijiuliza kama Mungu ana daftari, na kama ndivyo analisoma leo kwa sauti. Mtoto wa watu alilia kwa ajili yake, na sasa mjukuu wake analia kulekule alikotoka yule mtoto. Asingeweza kuwaambia hawa.

Ndipo Betri akapiga goti.

— Jamani, tumezunguka mbuyu! Tatizo si mtoto. Tatizo ni sauti ya Pindo. Basi Pindo abadili sauti. Ajifunze kuongea kama wa kule! Akipiga simu, ile simu inakuwa tuisheni. Binti atakataa tuisheni?

Wakatazamana. Wazo hili, kati ya yote, lilikuwa na miguu. Hata Pindo aliacha kufumua. Kama ingewezekana, basi kesho saa kumi angepiga.

Wembe akajaribu kwanza kuonyesha. Akatoa sauti ya mbuzi aliyefungiwa nje. Betri akajaribu, akawa kama mtangazaji wa mpira mwenye homa. Mama Birika akasema hao wakimpigia mtoto atahama nchi ya tatu.

— Haya, Pindo mwenyewe.

Pindo akakohoa. Akafungua mdomo, na sauti ikatoka.

Ilitoka nzima. Mwisho wa maneno ulipanda juu na kubaki hewani, palepale, kama vile kwa miaka hamsini na kitu ilikuwa imelala kooni mwake kama nguo ya sikukuu sandukuni, na sasa imetolewa bila mkunjo. Akasalimia, akauliza habari za masomo, akalalamikia jua. Benchi likaangua kicheko. Wembe aliegemea nguzo. Mama Birika alimwaga kahawa.

— Wewe mzee! Ulisomea wapi hayo?

— Ongeza! Ongeza, baba!

Na Pindo, Mungu amsamehe, akaongeza. Akafanya na mabega, kama zamani. Akafanya na shingo. Kicheko kilimpata mahali palepale kilipompata akiwa na miaka kumi, na kilikuwa kitamu vilevile.

— Shikamooni, wazee.

Mwanamke alikuwa amesimama nyuma ya cherehani, na sketi ya shule mkononi. Salamu yake ilipanda mwishoni, ikabaki juu.

Kicheko kikakatika.

— Marahaba, alisema Betri peke yake.

— Naomba niongezewe urefu wa hii. Ya binti yangu. Tumehamia juzi tu, na yeye anarefuka kila tukilala.

— Mama, alianza Betri, usituelewe vibaya. Hatukuwa tunamcheka mtu. Tulikuwa tunamsaidia mtoto.

Akamweleza yote, ya Sindano, ya ujumbe, ya simu, ya tuisheni. Aliyaeleza vizuri mpaka yakaonekana ya maana. Mwanamke alisikiliza huku akikunja sketi na kuikunjua.

— Nimeelewa, alisema. Babu ajifunze kuongea kama sisi, ndiyo ampigie.

— Hasa!

— Sasa huyo mtoto, siku akitaka kumsikia babu yake, atampigia nani?

Wembe alitazama kibanda chake kana kwamba kuna mteja. Betri akasema, "Wahenga walisema..." wote wakamgeukia, naye akagundua kwamba wahenga hawakusema kitu. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha karibu. Yakatoka machicha, kisha hayakutoka hata hayo.

Pindo alipokea sketi. Akapima pindo kwa vidole, akaona kitambaa cha kutosha kimekunjwa ndani.

— Huyu mwenye sketi, aliuliza bila kuinua macho, shuleni anaongea?

— Nyumbani anaongea mpaka tunamwomba apumzike. Shuleni mwalimu anasema ananong'ona.

— Mama, hii sauti sikuipata kwa kujifunza. Nilimwiga mtoto wa kwenu tukiwa darasa moja. Nilimwiga mwaka mzima, mpaka akaacha kusema.

— Nimesikia, alisema mwanamke. Umeiga vizuri sana.

Hakulisema kwa hasira. Lingekuwa la hasira, lingekuwa jepesi. Akasema atafuata sketi Jumatatu, akaondoka zake, wakamtazama mpaka alipopotea kwenye kona.

— Nisameheni, alisema Pindo. Hamkujua. Mimi nilijua.

Kisha akachukua simu, akaishika karibu na mdomo, akabonyeza pale binti yake alipomfundisha kubonyeza ili sauti iende. Kwanza alimwambia binti yake kwamba amekubali, hatapiga, na kwamba hakukasirika. Akamwomba amsikilizishe mtoto maneno yatakayofuata. Alipoanza tena, sauti ilikuwa yake mwenyewe, ile ya siku zote, nzito na yenye kukwama katikati.

— Sindano, ni babu. Mama yako amesema nisipige, na mama yako ana haki, kwa hiyo mimi sipigi. Shuleni ongea unavyoweza. Ulimi ukigeuka, ugeuke tu, mimi sitacheka na wala sitashangaa. Ila mjukuu wangu, nina ombi moja. Ukinikumbuka, nipigie wewe. Na kama hutaki kusema neno lolote, usiseme. Kaa tu kwenye simu.