Aliyenigonga Alipewa Firigisi

Asanteni, kaeni tu. Mimi nitasema nikiwa nimesimama. Kuna watu walikuwa wameshaamua kwamba sitasimama tena, na kwa hivyo kila nikipewa nafasi ya kusimama mbele za watu naitumia yote. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze nyinyi mlioumia barabarani, na nyinyi mnaowauguza, jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuka. Amenionya nisitaje jina la mtu. Sitataja. Hao ninaowasema hawastahili hata kutangazwa bure.

Mimi ni mpishi wa mandazi. Nakaa upande wa Nyatike, si mbali na Sori. Kazi yangu ni kukaanga asubuhi, kufunga ndoo nyuma ya baiskeli, na kupeleka mandazi ufuoni wavuvi wakitoka ziwani na njaa zao. Baiskeli nilifundishwa na baba yangu nikiwa msichana. Huku kwetu, mwanamke aliyeolewa akipanda baiskeli, watu wanamtazama kama amepanda juu ya meza ya chakula. Niliwazoea. Mandazi yangu walikula na baiskeli yangu wakaisema, na sikuona hata mmoja akisita kati ya kutafuna na kusengenya.

Siku hiyo nilikuwa upande wangu wa kushoto, nje kabisa ya lami, kwenye changarawe. Kulikuwa na lori barabarani, na nyuma ya lori gari dogo jeupe lenye haraka. Yule bwana wa gari akachoka kungoja. Badala ya kupita lori kulia kama watu wenye akili, akajipenyeza kushoto, kwenye changarawe, kwangu mimi. Sikusikia honi. Nilisikia ndoo. Nikajikuta chini, na mguu wangu wa kulia umelala vile mguu haulali.

Watu walikuja mbio. Nilifurahi, nikadhani wanakuja kwangu. Wengine walikuja kwa mandazi. Nilimwona mzee mmoja wa heshima, na kofia yake, anaokota andazi, anapuliza mchanga, anauma, halafu ananiambia akitafuna, "Pole sana, mama." Mnacheka? Mimi pia sasa nacheka. Siku ile nililia.

Naye mwenye gari alishuka akaenda moja kwa moja kutazama bampa. Akapapasa taa iliyovunjika. Akazunguka akahakikisha nyuma hakujaharibika. Ndipo akaniona mimi, nadhani ni kwa sababu nilikuwa karibu na gurudumu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mahali watu wetu wanapopotelea. Mtu amelala chini, mguu umevunjika, na swali la kwanza aliloulizwa si "Unaumia wapi?" Niliulizwa, "In nyar kanye?" Yaani wewe ni binti wa wapi. Nikasema. Wakauliza, umeolewa wapi? Nikasema hilo pia, maana nilikuwa nimefundishwa adabu, na adabu ilinitoka mdomoni kabla ya akili. Yule bwana wa gari akainua mikono akapiga makofi. "Yaye! Kumbe ni chiwa! Huyu ni mke wetu!"

Kwa wageni mlio hapa, chiwa ni mke wa ukoo. Akiolewa na mmoja, wote wa ukoo ule wanamwita mke wetu, na kwa kawaida ni neno zuri. Wanakuletea samaki nalo, wanakuchekesha nalo kwenye matanga. Siku ile lilifanya kazi nyingine. Mara tu lilipotamkwa, uso wa kila mtu pale ulilainika. Sikuwa tena mwanamke aliyegongwa na gari. Nilikuwa jambo la boma.

"Basi kesi imekwisha," mmoja akasema. "Hii ni ya nyumbani."

"Polisi ya nini? Mtu atashtaki shemeji yake?"

Na wakaanza usafi. Wakainua baiskeli. Kijana mwenye nguvu akapiga gurudumu la nyuma teke ili linyooke. Wakasukuma gari pembeni, wakafagia vioo kwa miguu. Nikasema, "Nipelekeni hospitali." Wakasema hapana, kwanza mzee wako ajulishwe, si vizuri mke wa mtu apelekwe hospitali mwenyewe hajui. Wakaniweka kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mguu ukining'inia, na kila shimo la barabara likanisalimia mfupani. Walikuwa wema sana. Wema wao karibu uninyime mguu.

Jioni yule bwana alikuja nyumbani. Alikuja na wazee wawili, na sukari, na soda. Mume wangu, ambaye amekaa pale nyuma na sasa anatazama viatu vyake, alifurahi kama amepata mgeni kutoka serikalini. Akaamuru kuku achinjwe. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimelala upande wa pili wa pazia, sijapewa hata dawa ya maumivu, na nikasikia kuku wangu mwenyewe akikimbizwa uani. Kuku yule alikuwa anataga.

Wakala. Nikiguna, mama mkwe anatia kichwa kwenye pazia na kuninong'oneza, "Nyamaza kidogo, kuna wageni." Na ilipofika firigisi, ambayo kwetu haipewi mtu hivi hivi, hupewa mwenye nyumba au mgeni anayeheshimiwa, nilisikia sauti ya mume wangu akisema, "Hapana, hapana, chukua wewe, ndugu." Na ndugu akachukua. Mtu aliyenivunja mguu alikaa kwenye kiti changu, akatafuna firigisi ya kuku wangu, na mimi niliyevunjwa nikaambiwa ninyamaze.

Halafu akaomba. Oh, aliomba! Alimshukuru Mungu kwa ulinzi wa safari, akamshukuru kwamba gari halikuumia sana, akaombea umoja wa ukoo. Mguu wangu ulipata sehemu ndogo karibu na amina. Akasema kupitia pazia, "Chiwa, pole. Hiyo ni misuli tu imeshtuka." Alikuwa daktari pia, kumbe.

Siku zilizofuata mguu ulivimba ukawa na rangi ambazo sitawaeleza, maana wengine mmetoka kula. Yakaletwa maji ya chumvi. Akaletwa mtu wa kuvuta mifupa, akauvuta, nikazimia, akasema nikizinduka nitakuwa sawa. Nilizinduka. Sikuwa sawa. Kila nikitaja hospitali naambiwa tungoje, ndugu amesema atakuja na gari anichukue mwenyewe. Hakuja. Alikuwa na shughuli, na shughuli yake tuliijua baadaye.

Alikuwa amekwenda polisi. Yeye! Yule wa mambo ya nyumbani! Alikwenda peke yake kimya kimya, akaandikisha kwamba mwanamke kwenye baiskeli alimkatia njia ghafla katikati ya lami. Alihitaji maneno hayo ili bima imtengenezee gari. Na sasa bima ilitaka mwanamke huyo akubali kosa. Kwa hiyo wakaja tena, wazee wale wale, na soda zile zile, kunieleza kwamba ni jambo dogo tu: nikubali kwamba niliingia barabarani vibaya, ndugu yetu atengenezewe taa, na amani irudi.

Nilimtazama mume wangu. Akasema, "Mama, si utasema tu? Ni ndugu yetu."

Nikamwuliza, "Na mguu?"

Akasema, "Mguu utapona."

Hapo, ndugu zangu, kitu fulani ndani yangu kilikauka. Nilikuwa nimemheshimu huyu mtu miaka yote ya ndoa, na wakati ule nilimdharau mpaka nikaona huruma. Na nikawadharau wale wazee na soda zao. Nikawaambia, "Sitasema. Na hizo chupa mrudi nazo." Mama mkwe akashika mdomo. Wazee wakasema nimechanganyikiwa na maumivu. Wakaniacha nifikirie.

Lakini mtu aliyelala hawezi kwenda mbali na hasira peke yake. Aliyeninyanyua hakuwa wa ukoo wowote wangu. Ni mama mmoja Mkuria, anatoka upande wa Kegonga, analeta ndizi huku na kuziuza kando ya barabara, pale pale nilipogongwa. Tulikuwa tunasalimiana tu nikipita na ndoo. Alifika kwetu na kichane cha ndizi, akapita wanaume uani bila kuomba ruhusa ya mtu, akafungua pazia, akatazama mguu.

"Dada," akasema, "bado uko hapa na mguu huu?"

Nikamweleza ninachotakiwa kukubali. Akakunja uso. "Kati ya lami? Wewe? Mimi nilikuwa nimekaa pale. Niliona. Mbona hakuna mtu aliniuliza?"

Nikasema, "Kwa sababu wewe si wa hapa."

"Kwani nilihitaji kuwa wa hapa ili nione?"

Akatoa simu. Alikuwa amepiga picha kabla hawajaanza usafi wao. Baiskeli yangu iko kwenye changarawe, mbali na lami, gurudumu la nyuma limekunjwa. Gari liko juu yake, namba inaonekana wazi. Na pembeni yuko yule mzee wa kofia, andazi mdomoni. Akaniambia walimfokea aifute, akawaambia simu ni yake. Aliipiga kwa sababu ndugu yake aliwahi kugongwa na gari akiwa juu ya baiskeli huko kwao, na watu wakasafisha barabara vizuri mpaka ikaonekana alijigonga mwenyewe.

Akatafuta gari. Akanilaza kiti cha nyuma mguu umenyooshwa juu ya magunia yake, tukaenda Homa Bay. Mume wangu alisimama mlangoni akisema ngoja tujulishe wazee. Nikamwambia, "Wajulishe. Utatukuta huko."

Hospitali walipiga eksirei. Daktari, msichana mdogo ambaye angeweza kuwa binti yangu, akauliza, "Nani aliuvuta huu mguu?" Nikasema ukoo. Akasema mfupa wa muundi umevunjika na umeanza kuungana upande, na tungechelewa zaidi nisingetembea juu yake tena. Ilibidi wauvunje upya ili waunyooshe. Nilivunjwa mguu mmoja mara mbili. Mara ya pili iliniuma zaidi, lakini angalau aliyenivunja alinieleza kwa nini.

Nilipoweza magongo, tulikwenda polisi mimi na mama wa ndizi. Yule bwana alikuwepo na wazee wake. Akainuka akitabasamu. "Chiwa! Mbona unatupeleka mbali hivi? Si tunazungumza nyumbani?"

Afisa akaniuliza, "Mama, huyu ni nani yako?"

Nikasema, "Mimi nina mume mmoja, na hata huyo bado namfikiria. Huyu ni dereva. Andika dereva."

Mama wa ndizi akaweka simu mezani. Afisa akatazama ile picha, akaikuza, akamtazama yule bwana. "Ulisema alikukatia njia katikati ya lami?" Na hapo, watu wangu, nilimwona mtu mkubwa akipungua. Akaanza kusema kulikuwa na giza. Picha ilikuwa ya asubuhi, jua kali. Akasema labda baiskeli iliruka. Mzee wake mmoja akatoka nje kujisaidia na hakurudi. Kesi ilikwenda mbele, na bima ile ile aliyotaka imtengenezee taa ikalazimika kushughulikia matibabu yangu. Taa yake sijui iliishia wapi. Sikuuliza.

Mume wangu alikuja hospitali kabla ya hapo, na uji kwenye chupa. Alikaa kando ya kitanda, akanimiminia. Halafu akasema, "Nilimpa firigisi." Ni hilo tu aliloweza. Nikamwambia nimesikia, nilikuwa nyuma ya pazia. Nimemsamehe kiasi. Kiasi kilichobaki analipia kwa kuamka asubuhi kukanda unga, na anaukanda vibaya.

Nashukuru daktari yule. Nashukuru afisa aliyesoma picha badala ya kusoma ukoo. Namshukuru huyu mama wa ndizi, simama wakuone, dada, usione haya. Huyu si dada yangu, si shemeji, si wifi, hakuna alichonidai kwa jina la damu.

Na nyinyi, mkikuta mtu wa baiskeli amegongwa, msimpandishe pikipiki mguu ukining'inia. Msisogeze kitu kabla ya picha. Namba ya gari ichukuliwe, polisi waitwe, hata dereva akiwa mtoto wa mama yenu. Baiskeli ilivyovunjika ibaki ilivyovunjika. Kuku waacheni watage.

Mimi nimerudi barabarani na ndoo yangu. Huenda nikagongwa tena, madereva wa namna ile hawajaisha. Mkinikuta chini, nipelekeni hospitali kwanza. Na mtu yeyote akisimama pale kuuliza huyu ni mke wa nani, mwambieni huyu ni mgonjwa, apishe.