Gundi ya Masila na Mbegu ya Kalondu

Wapendwa, haya nitasoma hakuna mtu aliniambia, niliona na haya macho yangu mawili, hata siku marehemu alizaliwa nilikuwa hapo nimesimama mlangoni, na kama kuna mtu anataka kuuliza mdogo wake alisimama hapo aje, angoje wakati wa chakula.

Ndugu yangu Bartholomew Masila alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 hapa Kathiani, kifungua mimba wa mzee Mutinda na mama Kamanthe, akaingia shule 1957, akamaliza darasa la saba 1963 na kichwa kuliko ya mwalimu, mimi niliachia la nne na bado ndio mimi nimepewa karatasi.

Mwaka wa 1970 aliandikwa kwa kiwanda kimoja cha plaiwudi huko Athi River, kazi ya kupaka gundi, ile ya dawa kali, ilikuwa inawatoa machozi ndoo tatu kila asubuhi, akavumilia miaka ishirini na moja, akarudi 1991 na kifua kibovu, akaapa atatengeneza gundi ya mimea, gundi mtu anaweza kulamba.

Alikuwa ameoa Kalondu, huyu amekaa hapa mbele, tarehe 14 Desemba 1974, wakapata Kamanthe 1976 na Mutinda 1979, na Kalondu alikuwa mtu wa furaha mpaka hiyo gundi ikaingia jikoni.

Oktoba 1996, mvua ikiwa imebakisha siku mbili, Kalondu alienda kwa stoo kuchukua mbegu ya mbaazi, ile aliachiwa na mama yake, akapata debe tupu, marehemu alikuwa amesaga yote, akachekecha unga, akakoroga na maji na chokaa, akabandika nayo fomu ishirini za kanisa, zile benchi za kukalia. Kalondu akamwambia, "Baba Kamanthe, umepika shamba yangu," na yeye akajibu, "Kuja kwanza uone vile imeshika," pole hakusema, na hiyo pole moja ndio Kalondu amengojea miaka kumi, hajawahi kutaka kitu ingine.

Na haikushika! El Nino ya 1997 ikaingia, gundi ikalainika ikawa uji, fomu zote ishirini zikaachana katikati ya mahubiri, watu mia nane wakaenda chini mara moja, katekista tukamwokota mbali huko Kithyoko, mahali watu huenda na basi.

Mtu ingine angeachana nayo, lakini huyu, wapendwa, alituchosha, akasema mbao ilikosa moto na uzito, na kwa sababu hakuwa na mashine ya kukandamiza, kila Alhamisi jumuia ikikuja kuomba alikuwa amelaza mbao zake sakafuni, mabati ya moto juu, blanketi juu ya mabati, na nyinyi juu ya blanketi. Mlishangaa kwa nini rozari ya kwa Masila ni mbili na litania, mkasema ameokoka kweli, kumbe ni gundi inangojewa ikauke, Kalondu alijua, alikuwa anaitikia "utuombee" akimwangalia kama mtu anatafuta mwiko arushe.

Mwaka wa 2001 akamtengenezea Kalondu mlango ya jikoni, bila msumari hata moja, gundi ya mbaazi tupu.

Kifua ilimlaza Novemba 2005, na Jumatano tarehe 9 Agosti 2006, saa kumi jioni, alituacha hospitalini, mimi nikiwa nimemshika mkono, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Mwambie Kalondu pole ya mbaazi."

Tunashukuru madaktari na manesi, majirani, wenzake wa kiwanda, na jumuia, kwa maombi na kwa uzito wenu.

Karatasi imeisha hapo. Lakini shemeji ananiangalia, na mbele ya jeneza nashindwa. Sawa, Kalondu, ile pole nimetunga, nilichoka kukuona ukingoja. Alichosema ni, "Enda uangalie kama mlango ya jikoni imeachana."

Eh, mmemsikia Kalondu? Amesema, "Nilijua, Masila hawezi kusema pole," na anacheka, mara ya kwanza tangu ile Jumatano.

Haya, ndugu yangu, huo mlango nimeuvuta leo asubuhi nikiwa nimeweka mguu ukutani. Imeshika. Sasa lala utulie.